Tuko « juu ya par »: tusipige makofi mbio

Katika mukutano mumoja na bakubwa ba kompanyi, shefu wa hesabu alisema: « Mwezi huu tuko tatu juu ya par. » Sisi badelege ba sendika tulipiga makofi. Tulizani kupita ni kuzuri, sawa vile tani zinapita ile yenye walipanga. Bakubwa baliangaliana, mumoja akacheka kidogo. Kumbe alitaka kusema garama zimezidi. Dakika kumi kisha, akatuomba tuache ile nyongeza ya mushahara. Ile makofi, tulikuwa tunaizika nayo nyongeza yetu!

Njo maana tuliulizia. Golf haiko mbali na sisi: kule Lubumbashi kuna kartie nzima yenye kuitwa Golf, na bashefu mingi banachezaka siku ya poso. Jumatatu banarudi ofisini na maneno yake mu kinywa.

Tuanze hapa. Mu golf, muchezaji iko na kamupira kadogo na fimbo, zisipite 14. Anapiga mupaka mupira uingie mu shimo la upana wa milimeta 108. Kiwanja kizima kiko na mashimo 18. Mwenye kupiga mara kidogo njo anashinda. Mutu akisahau hii, yote inapinduka.

« Par » ni hesabu ya mapigo yenye wanapangia kila shimo: 3, 4 ao 5. Kiwanja kizima, mara mingi inafika 72. Ukimaliza shimo na pigo moja chini ya par, ni « birdie ». Mbili chini, ni « eagle ». Moja juu ya par, ni « bogey ». Basi « juu ya par » ni kubaya, « chini ya par » ni kuzuri.

« Handicap » haiko kilema. Ni mapigo yenye wanatolea muchezaji muzaifu, ili acheze na mwenye nguvu bila haya. Mutu wa handicap 18, akimaliza na mapigo 90, wanamuhesabia 72. Tungependa bakubwa batufanyie vile mu mazungumuzo!

« Green » ni fasi ya majani mafupi sana kandokando ya shimo. « Bunker » ni shimo la muchanga, mutego. « Kedi » ni mwenye kubeba mufuko wa fimbo. Kedi wa zamani anajuaka kiwanja kupita bwana yake.

« Fore! » ni kelele ya kuonya batu wa mbele kama mupira unakuja. Hii bachimbaji tunaielewa bila mwalimu: ni sawa king'ora mbele ya kulipua baruti. Kisha kuna « mulligan »: barafiki banakuachia pigo mubaya, unapiga tena, haihesabiwe. Hata sheria za golf zenyewe haziijue. Na sisi chini ya mugodi, haiko.

Bandugu badelege, mutu akileta tena maneno ya golf pa meza, tusione haya. Tumuulize: ni juu ao chini, na ni kuzuri ao kubaya kwa nani? Kisha tumuombe aandike mu tani na mu franga. Na bamama ba mu kampi, muulize na nyinyi tukirudi nyumbani: « Mulisaini nini? » Tuweze kujibu.