Je, Wajua? Dabi ya Epsom na Farasi Waliosahauliwa

Je, wajua kwamba Dabi ya Epsom, mojawapo ya mbio maarufu zaidi za farasi nchini Uingereza, inasemekana ilipata jina kwa kurusha sarafu? Edward Smith-Stanley, Lodi wa Derby wa 12, alikuwa na nyumba karibu na Epsom, kusini mwa London, iliyoitwa The Oaks. Mwaka 1779 yeye na wageni wake walianzisha mbio za majike wa miaka 3, wakazipa jina la nyumba hiyo. Mwaka uliofuata wakaanzisha nyingine za madume na majike pamoja. Ziitwe Derby au Bunbury, jina la Sir Charles Bunbury aliyekuwa mkubwa wa watu wa farasi siku zile? Kwa mujibu wa simulizi, sarafu ilimkataa Bunbury. Ila tarehe 4 Mei 1780, farasi aliyeshinda Dabi ya kwanza, Diomed, alikuwa wake. Lodi mwenyewe alisubiri hadi 1787 ndipo farasi wake Sir Peter Teazle akamfuta machozi.

Je, wajua yaliyompata Diomed? Hapa ndipo mimi humwonea uchungu. Mshindi wa kwanza wa Dabi alipozeeka, wafugaji wa Uingereza walimkatia tamaa kabisa. Mwaka 1798, akiwa na miaka 21, aliuzwa Marekani kwa gini 50 tu, akavushwa Atlantiki kwa jahazi katika uzee wake. Kule Virginia mzee huyo akazalisha kwa miaka kadhaa mingine. Mwanawe Sir Archy akawa nguzo ya farasi wa mbio wa Marekani, na katika uzao huo akatoka Lexington, aliyeongoza orodha ya madume wa mbegu nchini humo mara 16. Waliomuuza walitupa dhahabu wakidhani ni takataka.

Je, wajua kwamba Dabi ya kwanza ilikuwa fupi? Farasi walikimbia maili moja. Tangu 1784 ni maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4. Wanapanda mlima kwanza, kisha wanateremka kwa kasi hadi kona ya Tattenham, wakitoka hapo uwanja unainama kuelekea uzio wa ndani na farasi aliyechoka huvutwa huko atake asitake. Mpanda farasi akikosea kwenye mteremko, hana pa kusahihisha. Yote hayo kwa dakika 2 na nusu hivi.

Je, wajua kwamba katika Dabi ya 1844 alitangulia farasi wa uongo? Mbio hizi ni za farasi wa miaka 3 peke yao. Aliyetangulia mwaka huo aliitwa Running Rein, kumbe alikuwa Maccabeus, mwenye miaka 4, na katika umri huo mwaka mmoja ni nguvu nyingi. Kesi ikaenda mahakamani. Jaji akaamuru farasi aletwe akaguliwe, maana umri wa farasi husomwa kwenye meno. Farasi akawa haonekani! Ushindi akapewa Orlando.

Je, wajua kwamba tangu 1780 ni majike 6 tu walioshinda? Wa kwanza alikuwa Eleanor, mwaka 1801, naye pia wa Bunbury. Wa mwisho alikuwa Fifinella, mwaka 1916, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimehamishia Dabi Newmarket.

Je, wajua kwamba Dabi ya 1913 ilikatiza maisha ya mwanamke aliyekuwa akidai haki ya kupiga kura? Tarehe 4 Juni, farasi wakiwa wanatoka kona ya Tattenham, Emily Wilding Davison alipenya chini ya uzio akasimama katikati ya njia. Farasi wa Mfalme George V, Anmer, alimgonga kwa kasi yake yote. Farasi alianguka na mpandaji wake, Herbert Jones, kisha akainuka akakimbia hadi mwisho bila mtu mgongoni. Kamera za sinema zilinasa yote. Davison alifariki siku 4 baadaye. Kwenye vitu vyake ilikutwa tiketi ya treni ya kwenda na kurudi, na kwa sababu hiyo wengi huamini hakukusudia kufa. Wanawake wa Uingereza walipata kura kwa masharti mwaka 1918, na sawa na wanaume mwaka 1928. Siku ile ile aliyetangulia, Craganour, alinyang'anywa ushindi kwa kusukumana, akapewa Aboyeur, ambaye aliyemwekea pauni 1 alivuna 100. Baadaye Aboyeur aliuzwa Urusi, na mapinduzi yalipozuka habari zake zikapotea.

Je, wajua kwamba Dabi ina undugu na Dar es Salaam? Sultan Mohamed Shah, Aga Khan wa 3, imamu wa Waismailia, alishinda mara 5: Blenheim 1930, Bahram 1935, Mahmoud 1936, My Love 1948 na Tulyar 1952. Bahram hakuwahi kushindwa katika maisha yake yote. Muda wa Mahmoud haukuvunjwa hadi 1995. Na ni imamu huyo huyo aliyepimwa uzito kwa almasi jijini Dar es Salaam Agosti 1946, katika jubilii yake ya almasi. Jubilii hiyo ndiyo iliyouachia jina ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga.

Mjukuu wake, Aga Khan wa 4, aliyeishi Nairobi utotoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baadaye akaanzisha kampuni ya magazeti ya Nation, naye alishinda mara 5. Wa kwanza alikuwa Shergar, mwaka 1981. Je, wajua kwamba Shergar aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 10, pengo ambalo halijafikiwa na mshindi mwingine wa Dabi? Mpandaji wake, Walter Swinburn, alikuwa na miaka 19. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983 watu wenye bunduki walivamia shamba la Ballymany nchini Ireland, wakamlazimisha mtunzaji awasaidie kumpakia kwenye tela, wakaondoka naye. Wakadai pauni milioni 2. Fedha haikulipwa, mwili wake haujapatikana hadi leo, na hakuna aliyefikishwa kizimbani. Alikuwa ametumika msimu mmoja tu wa kuzalisha.

Je, wajua kwamba mpanda farasi Lester Piggott alishinda Dabi mara 9? Ya kwanza, 1954, alikuwa na miaka 18.

Malkia Elizabeth wa 2, aliyependa mbio za farasi kuliko michezo yote, hakushinda Dabi hata mara moja. Alikaribia siku 4 baada ya kutawazwa, Juni 1953, farasi wake Aureole alipomaliza wa pili. Aliyemzuia alikuwa Pinza, akiendeshwa na Gordon Richards, aliyekuwa ameijaribu Dabi kwa miaka mingi bila kuipata na ambaye Malkia alikuwa ametoka tu kumtangaza kuwa Sir. Ushindi alioutaka Malkia ukaenda kwa mtu aliyestahili, na hilo nalo lina uzuri wake.

Na Kenya wana Dabi yao, inayokimbiwa katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Beryl Markham, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Kanada, alifundisha farasi walioishinda Dabi ya Kenya zaidi ya mara moja.