Kotonii imehamia kilindini, akina mama wataifuata vipi?

Jina la Dk. Flower Msuya limo katika tafiti mbili ambazo vichwa vyake vimebeba alama ya kuuliza. Wa kwanza, uliotoka mwaka 2012 katika jarida la Aquaculture, unauliza kama kilimo cha mwani Zanzibar ni gharama isiyolipika. Wa pili, wa mwaka 2020, unauliza kama zana mpya inaweza kweli kumpa mwanamke nguvu. Maswali hayo yangetoka kwa mkosoaji wa mbali, yangepita tu. Lakini Msuya, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Zanzibar, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kukitetea kilimo hichohicho. Amesimama upande wa mwani, na bado anauliza kama mwani unamtendea haki anayeulima.

Utafiti wa 2012, ulioongozwa na Sara Fröcklin wa Sweden, uliwalinganisha wanawake wa mwani na wanawake wa kazi nyingine. Wa mwani walieleza afya mbaya zaidi: uchovu, maumivu ya viungo na misuli, njaa, matatizo ya kupumua na ya macho, mzio, majeraha ya makombe na ya viumbe wenye miiba. Kipato chao kilikuwa chini ya dola 1.25 kwa siku, mstari uliotumika wakati huo kupima umaskini uliokithiri. Anayejua jinsi kazi yenyewe ilivyo hatashangaa. Maji yakipwa siku za bamvu, mwanamke huinama saa kadhaa juani, maji yakiwa magotini, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja baada ya kingine kwa vijikamba vinavyoitwa taitai. Jua linampiga mgongoni, na mwanga wake unarudi kutoka kwenye maji na kumwingia machoni.

Historia ya mwani wetu inajulikana. Profesa Keto Mshigeni aliufanyia utafiti na majaribio tangu miaka ya 1970. Mwaka 1989 mbegu kutoka Ufilipino zikaanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani zikiwa mbele, na leo wakulima Zanzibar ni zaidi ya 20,000, wengi mno wakiwa wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nje kutolewa karagini, kile kinachozipa uzito dawa za meno, aiskrimu na maziwa ya chokoleti.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye aina mbili za mbegu. Spinosamu ni mvumilivu lakini bei yake ni ndogo. Kotonii hulipwa takribani mara mbili, ila ni dhaifu: haipendi joto la maji lipite sana nyuzi 30 za Selsiasi, na maji ya kina kifupi yanapopwa chini ya jua la adhuhuri hupata joto haraka. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii ilianza kufa mashambani. Matawi yalipauka, yakalainika na kukatika. Magugu ya bahari yakaishika ile iliyobaki. Vijiji vilivyokuwa vikijivunia kotonii vikarudi kwenye spinosamu, kazi ileile ya kuinama kwa nusu ya malipo. Msuya amelieleza anguko hilo katika maandiko yake kadhaa, akilihusisha na bahari inayozidi kupata joto, na kila mara hoja yake inamrudia mwanamke aliyepoteza sehemu bora ya kipato chake pasipo kosa lolote.

Jibu alilolipigania ni kuifuata kotonii ilikokimbilia, kwenye maji ya kina yaliyo baridi zaidi. Hapo ndipo linapoingia bomba la neti.

Chombo hiki kinastahili kuangaliwa polepole. Ni neti iliyoshonwa kuwa mrija mrefu, kama soksi isiyo na kisigino. Mrija huo hukunjwa na kuvishwa juu ya bomba la plastiki, mpaka urefu wake wote ukusanyike pale. Kisha vipande vya kotonii husukumwa ndani ya bomba, na kadiri vinavyosukumwa, neti huteleza na kuvipokea upande wa pili, ikinyooka na kujaa. Hakuna taitai hata moja. Kazi ya kujaza hufanyika ufukweni, kivulini, watu wamekaa na wanazungumza. Neti ikishajaa hupelekwa baharini, hutiwa nanga na maboya, ikaachwa ielee. Wimbi linaloweza kuukata mwani kwenye kamba linakuta matawi yamezungukwa na nyuzi. Machipukizi hujipenyeza kwenye matundu na kukua nje kuelekea kwenye mwanga. Hakuna mgongo ulioinama kwenye maji ya magotini. Mtu aliyesoma ile orodha ya maradhi ya 2012 akiutazama mrija huu ataona kwamba karibu kila mstari wa orodha umejaribiwa kujibiwa.

Na hapo tatizo jipya likaanza. Shamba la zamani linafikiwa kwa miguu. Shamba la neti linataka boti. Wanawake wengi wa pwani wanaolima mwani hawajui kuogelea, jambo linaloumiza kulisikia kwa watu wanaoshinda baharini miaka nenda rudi. Bahari ya kilindini imekuwa ya wanaume, na wasichana wengi hawafundishwi. Hivyo mradi wa Sea PoWer, ambamo Msuya alifanya kazi na watafiti wenzake Cecile Brugere, Narriman Jiddawi na Betty Nyonje, ulilazimika kuingiza mafunzo ya kuogelea na ya kuendesha boti pamoja na ya kutengeneza neti. Neti iliyojaa kotonii ni nzito mno, na kuivuta ndani ya boti kunahitaji mikono mingi. Mikono hiyo ikiwa ya wanaume, mapato yatagawanywa vipi? Ikiwa ya wanawake watupu, nani atabaki na watoto boti inapochelewa kurudi?

Ndiyo maana kichwa cha utafiti wa 2020 kina alama ya kuuliza. Waandishi wake ndio walioipeleka zana kijijini, na wangeweza kuandika ushindi. Badala yake waliandika kwamba teknolojia peke yake haibadilishi nani anaamua nyumbani na nani anamiliki chombo. Uaminifu huo ni adimu, na unafaa kuheshimiwa.

Msuya hakuweka matumaini yote kwenye neti. Kupitia kongano la mwani Zanzibar, lililoanza mwaka 2006, amehimiza wanawake wausage mwani wenyewe badala ya kuuza gunia kwa bei aliyoipanga mnunuzi. Kule Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kikundi cha Tusife Moyo kinatengeneza sabuni za mwani zenye karafuu na viungo vingine. Kipande kimoja cha sabuni huleta fedha zaidi ya kilo nzima ya mwani mkavu. Ila idadi ya wanaotengeneza sabuni ni ndogo sana mbele ya wale maelfu wanaofunga taitai, na soko la watalii halinunui sabuni kama viwanda vya ng'ambo vinavyonunua magunia.

Tunarudi kwenye boti, basi. Mashine yake huharibika, mafuta hupanda bei, na fedha za mradi zina tarehe ya mwisho. Mkulima wa spinosamu, ambaye kwa miaka mingi amelipwa chini ya shilingi elfu moja kwa kilo, hawezi kununua mashine ya boti kwa akiba yake, na mnunuzi aliyezoea kuwakopesha wakulima kamba hajawa na sababu ya kuwakopesha boti. Wizara ndiyo itakayolipa, au kampuni za karagini, au wenye mabenki? Watafiti wamekwisha kuonyesha mahali kotonii inapoweza kuishi, na gharama ya kufika huko inahitaji mlipaji wa kudumu.