Msome Mwenzako Upate Kujisoma

Mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo mitatu ya Kidato cha Tatu, kila mkondo wanafunzi 50, akitoa insha moja anarudi na daftari 150. Akilipa kila daftari dakika kumi tu, anahitaji saa 25 za kusahihisha, mbali na vipindi, maandalizi ya masomo na zamu. Mzigo huu umeongezeka tangu Tanzania ilipofuta ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne mwaka 2016, na Kenya ilipoanza mwaka 2018 kusukuma sera ya kila anayemaliza msingi kuingia sekondari. Sera zote mbili ni za haki, lakini madarasa yamefurika. Ndiyo maana katika shule nyingi insha huandikwa mara chache kwa muhula, na inaporudi, mwanafunzi ameshasahau alichotaka kusema. Anatazama alama, anafunga daftari, basi.

Njia mojawapo inayopendekezwa ni wanafunzi kusomeana insha na kupeana maoni. Nchini Kenya, Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 unataka mwanafunzi awasambazie wenzake alichoandika ili wakitolee maoni. Walimu wengi hulichukulia jambo hili kama namna ya kupunguza kazi ya kusahihisha. Likichukuliwa hivyo, litakatisha tamaa, kwa sababu mwanafunzi si msahihishaji na hatakiwi kuwa. Faida yake kubwa iko kwa yule anayeishika insha ya mwenzake na kuisoma kwa makini.

Anayesoma ndiye anayevuna

Mwaka 2009 watafiti wawili, Kristi Lundstrom na Wendy Baker, walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wanafunzi 91 waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza kama lugha ya pili. Waliwagawa makundi mawili. Kundi moja lilisoma insha za watu wengine na kuzitolea maoni, bila kupokea maoni ya wenzao. Kundi la pili lilijifunza kutumia maoni, bila kuyatoa. Mwisho wa muhula, waliotoa maoni walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika uandishi wao wenyewe kuliko waliopokea. Tena miongoni mwa watoaji, waliopata faida zaidi ni wale wa kiwango cha chini. Kwa mwalimu anayedhani kazi hii inawafaa wanafunzi bora pekee, matokeo haya yanastahili kutafakariwa.

Sababu si ngumu kuiona. Mwandishi akiisoma insha yake mwenyewe, akili yake inamjazia mapengo. Anajua Juma ni nani, anajua kwa nini alikasirika, hivyo hata kama hakuyaandika, yeye anayaona. Akishika insha ya mwenzake, msaada huo haupo. Pengo linabaki pengo. Akishazoea kuliona kwenye daftari la jirani, siku moja ataliona kwenye daftari lake.

Mtaalamu wa elimu wa Australia, D. Royce Sadler, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1989. Alisema mwanafunzi hawezi kujiboresha mpaka ajue kazi nzuri ikoje, aweze kulinganisha kazi yake na hiyo, kisha ajue afanye nini kupunguza tofauti. Mwalimu anaweza kuandika maelezo mazuri pembezoni mwa ukurasa miaka minne mfululizo, lakini uwezo wa kulinganisha ukabaki kichwani mwake. Na katika chumba cha mtihani mwalimu hayupo. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hukaa na karatasi ya kwanza ya Kiswahili kwa saa moja na dakika 45, aandike insha mbili za alama 20 kila moja, akiwa na jicho lake peke yake. Jicho hilo linanolewa mapema, na linanolewa kwa kusoma.

Maoni yanayosaidia yakoje?

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa kila mwalimu wa Kiswahili atautambua. Swali linataka kisa kinachodhihirisha methali “Mtaka cha mvunguni sharti ainame.” Mwanafunzi ameandika:

“Juma alizaliwa katika familia ya maskini hohehahe. Alisoma kwa bidii za mchwa akijua kuwa elimu ni ufunguo wa maisha. Matokeo yalipotangazwa, alikuwa wa kwanza. Leo Juma ni daktari na anaendesha gari la kifahari.”

Msomaji wa kwanza anaandika chini yake: “Kazi nzuri. Ongeza bidii. Angalia sarufi.” Maoni hayo yangeweza kuandikwa chini ya insha yoyote, hata na mtu ambaye hajaisoma. Msomaji wa pili anapiga mstari chini ya “ufunguo wa maisha” na kuandika: “Umekariri.” Huenda ni kweli, lakini mwandishi anabaki na aibu bila kujua la kufanya.

Wa tatu anaandika hivi: “Nilipofika kwenye bidii za mchwa nilisimama. Sikumwona Juma akifanya chochote, na sentensi iliyofuata akawa ameshakuwa wa kwanza. Kilichotoka mvunguni nimekiona, kuinama sijakuona. Alijinyima nini? Usiku alikuwa anafanya nini?”

Msomaji huyu hakutoa hukumu yoyote. Alitaja mahali, akaeleza kilichompata alipofika hapo, akauliza swali. Mwandishi anajua aanzie wapi. Rasimu ya pili inakuja hivi:

“Saa kumi alfajiri Juma alikuwa ameshateka ndoo mbili za maji. Aliziweka mlangoni taratibu asiwaamshe wadogo zake, akawasha koroboi na kufungua daftari la hesabu. Jumamosi wenzake wakienda mpirani, yeye alikuwa sokoni akibeba matenga ya nyanya apate pesa ya vitabu.”

Gari la kifahari bado lipo mwishoni, na huenda nalo litaulizwa siku nyingine. Hata hivyo methali sasa ina pande zake zote mbili, jambo ambalo watahini husisitiza kila mara katika insha za methali. Msomaji wa tatu naye, atakapoandika insha yake, hataiacha “bidii za mchwa” ipite bila kuonyesha bidii yenyewe.

Zingatia pia kwamba hakugusa sarufi. Mwaka 1980 Nancy Sommers, mtafiti wa uandishi wa Marekani, aliwalinganisha wanafunzi na waandishi wazoefu wanapopitia kazi zao. Wanafunzi walishughulika zaidi na maneno: hili waliondoe, lile walibadilishe. Wazoefu walirudi kwenye hoja na umbo la kazi nzima. Mwanafunzi akianza kwa kutafuta makosa ya hijai na upatanisho wa kisarufi, ataishia hapo hapo, na aya isiyo na kitu itasifiwa kwa kuwa haina kosa. Sarufi ipewe raundi yake ya mwisho, baada ya maudhui kukaa sawa. Haina maana kunyoosha sentensi ambayo kesho itafutwa.

Alama zikae kando

Mrejesho wa aina yoyote haujengi kwa sababu tu umetolewa. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za mrejesho na kuyachapisha mwaka 1996. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo ulishusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hudhoofika kadiri unavyohamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake. Anayeambiwa “wewe ni mvivu” huanza kujitetea au kujikatia tamaa. Hata “wewe ni hodari” humwelekeza kwenye sifa yake, akaiacha aya ya tatu kama ilivyo.

Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 nchini Israeli unakubaliana na hilo. Wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri na hamu yao ilibaki juu. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo wanafunzi wanaposomeana insha wasipeane alama. Mwenye 14 humtafuta mwenye 12 kujilinganisha naye, na maoni yote ya pembeni hayasomwi tena.

Kuliandaa darasa

Kuwaambia wanafunzi “badilishaneni madaftari” bila maandalizi ni kuwaingiza kwenye vicheko au ugomvi. Vijana wetu wamelelewa kusitiriana, na kumkosoa rafiki mbele ya watu huonekana kama kumvunjia heshima. Lakini utamaduni wa kuambiana ukweli wa kazi tunao. Washairi wa Kiswahili wamejibizana kwa karne nyingi, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa nafasi ya kujibizana hadharani. Walipingana kwa tungo na heshima ikabaki, kwa sababu kanuni zilijulikana na wote. Darasa nalo linahitaji kanuni zake.

Kwanza mwalimu aanze na insha moja isiyo na jina, isiyotoka darasa hilo. Aiandike ubaoni au aisome kwa sauti, kisha darasa zima litoe maoni na kuyachambua maoni yenyewe: lipi linamsaidia mwandishi, lipi limepita hewani? Hatua hii isirukwe, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wanapoona kazi nzuri ikoje.

Pili, kila msomaji apewe maswali machache ya kujibu kwa sentensi kamili. Matatu yanatosha: Kwa maneno yako, insha hii inasema nini? Ulisimama wapi, kwa kuchanganyikiwa au kwa kutamani kujua zaidi? Sehemu gani ina nguvu, na kwa nini? Swali la kwanza huonekana jepesi, lakini ndilo lenye uzito. Mwandishi aliyekusudia kuandika juu ya subira, akikuta msomaji ameandika “insha hii inahusu utajiri,” hahitaji kuambiwa zaidi.

Tatu, insha isomwe na zaidi ya mtu mmoja. Makundi ya wanafunzi wanne yanafaa, na yasiwe ya marafiki wa dawati moja tu. Kipindi cha mfululizo cha dakika 80 kinatosha kusoma, kuandika maoni na kuzungumza.

Kupokea nako kunafundishwa

Mwandishi anapopewa maoni, jambo la kwanza ni kunyamaza na kusikiliza. Akianza kueleza “nilimaanisha hivi,” msomaji ataacha kusema alichokiona. Anaruhusiwa kuuliza swali ili aelewe, na kujitetea kungoje.

Jambo la pili ni kupima. Maoni si amri. Wenzake wakitofautiana, achague. Wawili au watatu wakisimama mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama dawa waliyopendekeza haifai. Mwisho, pamoja na rasimu ya pili, aandike mistari michache: nimebadilisha nini, nimeacha nini, na kwa nini. Mwalimu akisoma mistari hiyo atajua kwa haraka nani ameelewa na nani amenakili tu alichoambiwa.

Wapo wanaohofia kwamba wanafunzi watapotoshana. Katika sarufi hofu hiyo ina msingi: kijana anaweza kukata neno sahihi na kuweka kosa. Kwa sababu hiyo masahihisho ya lugha yawekewe alama ya kuuliza tu, na mwandishi athibitishe kwenye kamusi au kwa mwalimu. Lakini msomaji anayesema “hapa sikuelewa” hawezi kukosea, maana anatoa ushahidi wa kilichompata yeye. Mwalimu hapotezi nafasi yake hata kidogo. Anabaki mwenye kiwango, na anapitia maoni ya wanafunzi kama anavyopitia insha.

Mzazi, mtoto akirudi nyumbani na daftari lenye mwandiko wa mwenzake pembezoni, usidhani mwalimu amekwepa kazi. Muulize mtoto maswali mawili: mwenzako alisimama wapi, nawe umefanya nini hapo? Mwalimu mwenzangu, usingoje darasa lipungue, maana halitapungua karibuni. Muhula ujao chagua insha moja, ipe rasimu mbili, na kati yake weka wasomaji watatu na maswali matatu. Mwanafunzi anayeandikia mwalimu peke yake huandika kutafuta alama. Anayejua kuwa wenzake watamsoma huandika ili aeleweke, na kueleweka ndiyo kazi ya insha.