JE, WAJUA? Mswaki unaoota porini

Ukitoka Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, hadi malaga (mito ya msimu) ya Lodwar na Kakuma, mswaki hununui: waukata mtini. Mti wenyewe ni *Salvadora persica*, ambao Waturkana huuita esekon.

• Hubaki kijani hata kiangazi kikikaza, kwani mizizi yake huzama mbali kufuata maji. Udongo wa chumvi nao hauusumbui.

• Kijiti hukatwa urefu wa kalamu, ncha ikabanduliwa gamba kiasi cha sentimita 1, kisha ikatafunwa mpaka nyuzi zichambuke. Nyuzi zikichakaa, hukatwa na kutafunwa ncha mpya.

• Ule ukali wake kama wa haradali hutokana na benzili isothiosianeti, kemikali inayoua baadhi ya bakteria wa kinywani.

• Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi ya miswaki ya miti mahali ilikozoeleka.

• Matunda yake madogo yakiiva huliwa na watu, na majani ni chakula cha ngamia.

• Katika tiba za jadi za Afrika Mashariki, mizizi huchemshwa kwa maumivu ya tumbo na kisonono, na majani kwa kikohozi.

Tahadhari: kisonono, au kikohozi kilichozidi wiki 2, ni cha kupelekwa hospitali. Na ukitaka mswaki, kata kitawi. Ukichimba mzizi waweza kuua mti mzima.