Katuni za ukutani: kazi ipo Migori na Homa Bay, malipo yanasuasua

Uchoraji wa katuni kwenye kuta na mabango haujafa Migori wala Homa Bay, hata baada ya mashine za kuchapisha mabango ya plastiki kuingia kila mji. Vinyozi wa Rongo na Oyugis bado wanataka kichwa kichorwe kwa mkono, na wenye mitumbwi ya Mbita na Sori hawana haja na plastiki kwenye mbao zinazolowa kila siku.

Pesa ya maana iko kwenye shule za chekechea, ambazo kaunti zinazisimamia tangu 2013. Afisa mmoja wa kaunti anashikilia kwamba wachoraji hawana cha kulalamikia, kwa kuwa asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, wanawake na walemavu. Sheria inasema hivyo kweli. Lakini tenda inayotangazwa ni ya kujenga darasa, na sungura na fisi wa ukutani ni kibarua cha mwisho. Mchoraji huitwa rangi ya kwanza ikishakauka, bila mkataba, kisha husubiri mwanakandarasi alipwe kwanza. Rangi ameshainunua, pamoja na VAT ya asilimia 16 ambayo hana namna ya kuidai.

Mkongwe mmoja wa Migori mjini ana kilio kingine. Muuza nyama aliyembuni ukutani, mwenye kitambi, kisu mkononi, ng'ombe akimchungulia begani, sasa yuko kwenye bucha ambazo mzee hajawahi kuzikanyaga. Vijana aliowafunza wanamchora, na wachapishaji wamempiga picha na kumuuza kwenye plastiki. Vijana nao wanasema mzee mwenyewe aliokota mtindo huo kwenye katuni za magazeti, enzi za katuni ya Juha Kalulu. Huenda ni kweli, ila kujifunza mtindo si sawa na kunakili mchoro. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baadaye, lakini wenye bucha hawakumruhusu kutia saini ukutani, na ada ya wakili inaweza kuzidi malipo ya ukuta mzima.

Juni, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa, kazi huenda zikaongezeka. Baadhi ya wachoraji sasa wanadai nusu ya malipo kabla ya kufungua mkebe wa rangi. Wanakandarasi wanaokubali bado ni wachache.