Mti Umechanua, Mbona Mzinga Hauna Asali?

Swali hili tunaulizwa kila tunapokaa na vikundi vya wafuga nyuki huku Isikizya, wilayani Uyui. Wafadhili nao huuliza kwa namna yao: je, tukiongeza mizinga? Tumeona tueleze kwanza jinsi ua linavyotengeneza mbochi, yaani yale maji matamu ambayo nyuki huyageuza kuwa asali.

Ndani ya ua, mara nyingi chini kabisa, kuna tezi ndogo sana. Kila chembe hai ya mti ina jeni zote za mti huo, lakini hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Za kwenye mzizi zinazoamka si zile za kwenye jani. Ua linapokaribia kufunguka, jeni kadhaa huamka katika tezi hizo. Nyingine husimamia kuvunja wanga uliowekwa akiba, nyingine kutengeneza sukari. Jeni moja iitwayo SWEET9 ndiyo yenye maagizo ya kujenga mlango wa kutolea sukari nje ya chembe. Sukari ikishatoka, maji huifuata, na tone la mbochi linapatikana.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuizima jeni hiyo. Tezi zilikuwepo, lakini mbochi haikutoka. Mmoja wa mimea waliyotumia ni ndugu wa porini wa tumbaku (wakulima wetu watacheka, maana wao maua ya tumbaku huyakata ili majani yanenepe).

Hatusemi kwamba mitundu na miuba yetu ina kasoro ya jeni. Mimea ile ilikuwa midogo, ya maabara. Tunachosema ni kwamba mlango hauna kazi kama ghalani hamna kitu. Sukari ya mbochi hutoka kwenye majani, na maji hutoka ardhini. Mwaka wa ukame, au mti uliokatwa matawi kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, ua huweza kufunguka likawa na mbochi kidogo tu, na nyuki hatudanganyiki naye: atahama.

Kuna na jambo la magome. Sukari husafiri ndani ya gome kushuka mizizini. Mti ukivuliwa gome kuzunguka shina ili kupata mzinga, mizizi hukosa chakula na mti hufa. Mzinga mmoja umepatikana, na mti uliokuwa uulishe umekwenda.

Katika taarifa zetu za nyuma tuliandika idadi ya mizinga tu. Hilo lilikuwa kosa letu. Kuanzia robo ijayo, kamati inayoomba mizinga ya mbao itajaza pia idadi ya mitundu na miuba iliyo hai karibu na manzuki, na mingapi imevuliwa magome.