Shujaa wa gemu naye apige hodi!

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuingie ndani ya majumba ya watu. Usishtuke, hatuendi kuiba. Nazungumzia zile gemu ambazo unapewa mhusika mmoja, unamtembeza kijiji hadi kijiji, anaongea na watu, anatafuta silaha, anapigana na majitu, na kila akishinda anaongezeka nguvu. Wajapani ni mabingwa wa fani hii. Dragon Quest yao ilianza mwaka 1986 na mpaka leo ina wapenzi wake.

Kama umewahi kuzicheza, mwenyewe umeona. Shujaa anafika mji asioujua, anasukuma mlango wa kwanza, anapitiliza mpaka chumbani, anafungua kabati la mwenye nyumba, anachukua hela na dawa, anatoka zake. Mama wa watu kasimama palepale anamkaribisha kijijini! Anaingia nyumba ya pili: meza ile ile, kitanda kile kile, na moto unawaka ukutani. Moto ukutani! Hebu fikiria na joto hili la kaskazi, saa nane mchana, ukumbini kwako yanawaka magogo.

Mie na washikaji wangu wawili hapa Tibirinzi, Chake Chake, tunatengeneza gemu ya namna hiyo, ila kijiji chake ni cha kwetu Pemba. Tunatumia RPG Maker MV, programu iliyotoka mwaka 2015, ambayo haimtaki mtu awe na digrii ya kompyuta ndipo aiguse. Unapewa ramani iliyogawanywa miraba midogo, kila mmoja pikseli 48 kwa 48, nawe unapanga juu yake vipande vya sakafu, ukuta, mlango na kitanda, kama fundi anayepanga vigae vya bafuni. Skrini yake ya kawaida inachukua miraba 17 kwa upana na 13 kwenda chini. Piga hesabu: 221. Humo ndimo umweke mtu na maisha yake yote.

Nje ya nyumba hakuna kazi kubwa. Kasheshe iko ndani. Samani zinazokuja na programu nyingi ni za Ulaya ya zamani, Ulaya ya mapanga na majumba ya kifalme: mapipa, makabati mazito, lile jiko la ukutani nililokwambia. Mkeka hamna. Mbuzi ya kukunia nazi hamna. Kwa hiyo mmoja wetu, aliyekuwa akichora vibonzo nyuma ya madaftari tangu skuli, ndiye tuliyemtwisha mzigo wa kuchora kila kitu, kipande kwa kipande.

Hatukuwa wa kwanza Afrika kuona vya kuazima havitoshi. Kule Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion mwaka 2016, na jirani zetu Wakenya walikuwa na Nairobi X mwaka 2015, watu wanapambana na wavamizi kutoka angani katikati ya jiji lao. Lakini wale ni makampuni. Sisi ni watu watatu na laptopu mbili, na umeme ukikatika tunapiga soga.

Sasa unafanyaje ili nyumba ishirini zisiwe nyumba moja iliyorudiwa mara ishirini? Jibu tulilipata kwenye nyumba za maendeleo. Unazijua, yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa mkono wa Wajerumani Mashariki. Unguja yako Michenzani, na huku Pemba utayaona Wete na Mkoani. Ukiyatazama kwa nje utasema mtu kapiga muhuri. Dirisha kama dirisha, ngazi kama ngazi.

Haya, panda ngazi uingie. Mlango wa kwanza anakaa fundi cherehani. Cherehani iko dirishani kwa sababu ya mwanga, kitanda kimesukumwa gizani, na chini vimejaa vipande vya vitambaa. Wa pili ni mwalimu mstaafu, madaftari yamepanda mpaka kwenye kingo ya dirisha. Wa tatu kuna harusi wiki ijayo: masufuria makubwa ya kuazima, magodoro yamesimamishwa ukutani, huna pa kukanyaga. Wa nne mwenyewe yuko Maskati mwaka wa tano huu. Makochi yake bado yana nailoni ya dukani na saa ya ukutani imesimama. Chumba ni kile kile, kuta ni zile zile, na hata mtoto mdogo hatakosea mlango.

Basi tangu hapo hatuchori ukuta mpya ovyo. Tunachukua ramani moja, tunaulizana huyu anafanya kazi gani, mwanga anauhitaji wapi, anakula na nani, na nani kaondoka humu akaacha vitu. Mvuvi tunamwekea madema na nyavu zinazongoja kushonwa. Chuoni tunatandika mikeka, tunapanga marufaa, na mahali pa mwalimu mkeka umechakaa zaidi. Hicho kipande cha mkeka uliochakaa kilichukua jioni nzima kuchorwa, na wachezaji wengi watapita wasikione. Mie siachi kukipenda.

Kasheshe ya pili aliileta shangazi yangu. Alikuja kutuchungulia, akamwona shujaa wetu, kijana barobaro na panga lake kiunoni, anakatiza ukumbi hadi uani.

"Huyu mwanamme kaingia uani kwa watu, kapiga hodi?"

"Hii gemu, shangazi."

"Gemu haina wenyewe? Wanawake wako uani wanaoga, wanapika, yeye anapita tu?"

Tukatazamana. Nyumba ya Mswahili si sanduku la kuwekea vitanda, ina mpango wake. Kuna baraza, hapo ni pa kila mtu, hata muuza kahawa. Kuna ukumbi, hapo umekaribishwa. Kuna vyumba, na mwisho kuna ua, ambako mgeni wa kiume haendi hivihivi. Wenzetu wa Lamu kwenye nyumba zao za mawe walikwenda mbali zaidi: unapita daka, unapita uwanda, unapita msana, ndipo ufike ndani kabisa kwenye ukuta wenye safu za zidaka. Kila hatua inazidi kuwa siri.

Kwa hiyo sasa kwenye gemu yetu kuna kitufe cha hodi. Unapiga mara tatu, kama tulivyofundishwa. Usipojibiwa, unaondoka. Ukiingia kwa mabavu, kijiji kizima kinakununia na hata duka la vifaa halikuuzii kitu. Na kwa kuwa ua haumpokei kijana yule, tumempa dada yake. Kaka anasikia mambo ya barazani, dada anasikia ya uani, na bila ya kuunganisha habari za wote wawili hufiki popote. Wapo walionambia tunawabana wachezaji. Mie naona ndiyo utamu wenyewe, maana sasa kila mlango una uzito.

Kuna na suala la vipimo. Nyumba za mawe za zamani vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na si kwa sababu wajenzi hawakupenda nafasi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo kwa kawaida hazivuki sana mita 3. Upana wa chumba ukaamuliwa na mti. Basi hata tajiri wetu wa kwenye gemu chumba chake ni chembamba, ila kirefu, na utajiri wake utauona kwenye kitanda cha besera na kasha la njumu za shaba, si kwenye ukubwa wa sakafu.

Najua unachosubiri. Gemu ya Pemba, mbona sijataja uchawi? Kila anayesikia anauliza hilo kwanza, hasa wa bara. Mganga yupo, lakini chumba chake hakina mafuvu wala paka weusi. Kina mkeka, chetezo, sahani nyeupe ya kombe, na foleni ya viatu mlangoni. Ile foleni ya viatu ndiyo inayotisha.

Nyumba iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni ya bibi yangu. Ilikuwa ya fito na udongo, paa la makuti. Baba mdogo alipotangaza kuivunja ili ajenge ya matofali na bati, nilikwenda nikaipima kwa nyayo, chumba kwa chumba, na mshikaji wangu akapiga picha kila pembe. Jikoni kulikuwa na masizi ya miaka, meusi yanang'aa kama rangi ya mafuta; programu haina masizi, tukayachora. Bibi hana kinyongo na nyumba mpya, anasema paa halivuji. Lakini tulipomwonyesha ile ya kwenye skrini alikaa kimya kidogo, akasema, "Kinu changu nimekiona. Sasa kuku wangu analala wapi?" Kuku sasa yuko kwenye tenga, chini ya kitanda.

Kwa sasa tuko Pujini. Mahame ya Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15, yako kusini mashariki ya Chake, na kisima chake kina hadithi ambayo mtengeneza gemu hawezi kuitunga ikawa nzuri zaidi: inasemekana alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kisima kwa ukuta. Mmoja anateremka kwa ngazi, mwingine anateka kwa ndoo na kamba, na hawaonani. Yaani jengo limejengwa na ugomvi. Tumeamua ramani ziwe mbili, na anayeshuka ngazini ataisikia ndoo ya mwenzake upande wa pili bila ya kumwona.

Kinachotushinda ni msimu wa karafuu. Chumba tumeshakichora: magunia pembeni, majamvi yamekunjwa tayari kuanikiwa, mizani inaning'inia, watoto wanachambua vikonyo usiku kwa taa. Lakini mtu wa hapa akiingia chumba kama hicho, kitu cha kwanza kumpokea ni harufu, kabla hata hajavua viatu. Moshi wa chetezo tuliuweza, mchezaji anauona unapanda. Karafuu haina moshi. Mshikaji wangu anataka kila anayeingia apige chafya, mie nataka asimame kidogo mlangoni. Mpaka naandika haya hatujaafikiana.